Mwalimu Aliyeandika Alichokatazwa: Maisha ya A. S. Neill wa Uskoti

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa walimu na wazazi. Walioshindwa kufika waliomba wayapate yote, nami nimeyaweka kama yalivyotoka. Picha tulizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Waheshimiwa wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa chuo mliojibanza kule nyuma karibu na mlango. Nawaona. Sogeeni mbele, viti vipo. Nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie mwalimu mmoja wa nchi za mbali, nikamchagua Alexander Sutherland Neill, Mskoti. Wengi wanaolijua jina hilo wanamjua kwa jambo moja tu: mzee aliyefungua shule ambayo mtoto akitaka anaingia darasani, asipotaka anakwenda kupanda miti. Wakishasema hivyo wanacheka, au wanakasirika, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi sitaanzia kwenye shule hiyo. Nitaanzia kwenye daftari. Naamini, na mnaruhusiwa kunipinga, kwamba kabla ya nadharia ya mtu yeyote kumgusa, Neill alibadilishwa na kazi ya kuandika alichokiona darasani bila kujipendelea.

Lakini kwanza mtoto, kisha mwalimu.

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1883 mjini Forfar, mashariki mwa Uskoti. Baba yake, George Neill, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji cha Kingsmuir, jirani na Forfar. Mama yake naye alikuwa amefundisha kabla ya kuolewa. Humu ndani nani ni mtoto wa mwalimu? Nyosheni mikono. Haya, shusheni, nyinyi hamhitaji kuelezwa. Darasa likipiga kelele, wa kwanza kuitwa mbele ni mtoto wa mwalimu, ili wanakijiji wasije wakasema kuna upendeleo. Kwa Allie, ndivyo walivyomwita nyumbani, mambo yalikuwa hayo hayo.

Chombo cha adhabu kule hakikuwa fimbo. Ulikuwa mkanda wa ngozi nene, ncha yake imepasuliwa vipande viwili au vitatu, na mtoto alichapwa nao kiganjani. Mikanda hiyo ilikuwa bidhaa ya dukani. Mji wa Lochgelly, katika jimbo la Fife, ulivuma kwa kuitengeneza, hata watu wakauita mkanda wenyewe kwa jina la mji. Mwalimu aliagiza uzito anaoutaka: mwepesi, wa wastani, mzito, na uliozidi mzito. Fikirini fundi anakaa kitako na kisu chake, anapima unene wa ngozi kwa ajili ya kiganja cha mtoto wa miaka saba, halafu anaandika bei.

George Neill alikuwa nao, na aliutumia. Ila msimhukumu upesi, kwa sababu naye aliogopa. Alimwogopa mkaguzi. Nyinyi siku hizi mnawaita wathibiti ubora, na ninaona mnatazamana. Katika Uskoti ya zama zile ruzuku ya shule ilikuwa imefungamanishwa na jinsi watoto walivyojibu mbele ya mkaguzi. Mtoto akibabaika, pesa inapungua. Basi mkaguzi alimtisha mwalimu, mwalimu akawatisha watoto, na mtoto wa mwalimu akatishwa mara mbili, shuleni na mezani nyumbani. Juu ya hayo yote kulikuwa na dini ya Kikalvini, yaani Uprotestanti mkali, na moto wa jehanamu ukisimuliwa kana kwamba uko mtaa wa pili.

Allie hakuwa mwanafunzi hodari. Sarufi ya Kilatini ilimshinda kuikariri. Ndugu zake walipelekwa sekondari pale Forfar, yeye akaachwa. Alipofika miaka 14 akapelekwa Edinburgh kuwa karani katika kiwanda cha mita za gesi. Hakukaa muda mrefu, akarudi nyumbani. Akajaribiwa kwa muuza vitambaa. Napo hakufaa. Ndipo wazazi wakakaa kikao juu ya huyu mtoto, mama akatoa wazo: tumfanye mwalimu. Na baba, bila hata kutabasamu, akajibu kwamba pengine ndicho kitu pekee anachokiweza.

Mnacheka! Hebu niambieni, ni wangapi humu ndani walifikishwa ualimu kwa hesabu ya namna hiyo hiyo? Alama zimekuwa haba, wajomba wamekutana, ualimu upo. Hapa sitaomba mikono.

Mwaka 1899 akawa mwalimu mwanagenzi katika shule ya baba yake mwenyewe. Ilikuwa miaka 4 ya kufundisha huku unafundishwa. Mtihani wa kuingia chuo cha ualimu akaufanya vibaya, akawa karibu na mkia wa orodha, kwa hiyo akaendelea kufundisha bila cheti, akihamahama shule. Moja ilikuwa Kingskettle, kule Fife, chini ya mwalimu mkuu mkali kupindukia, ambako mtoto hakuthubutu kugeuza shingo. Pale Neill aliushika mkanda, akachapa. Baadaye aliyaandika haya mwenyewe, kwamba alichapa na kwamba alikuwa akimwogopa mwalimu mkuu kama watoto walivyomwogopa.

Chuo Kikuu cha Edinburgh aliingia mwaka 1908, ana miaka 25, umri ambao wenzake walikuwa wameshatoka. Akaanza na kilimo, akahamia fasihi ya Kiingereza, akahariri gazeti la wanafunzi, akahitimu mwaka 1912. Akafanya kazi kwa mchapishaji wa vitabu, Edinburgh kisha London. Sidhani kama alikuwa na nia ya kurudi kushika chaki. Halafu Agosti 1914 vita vikaanza.

Vita ndivyo vilivyomrudisha. Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji cha Gretna Green, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, alikwenda jeshini, na Neill akashika nafasi yake kwa muda. Kijiji chenyewe kilikuwa na jina kwa ajili ya wapenzi waliokuwa wakitoroka wazazi wao Uingereza na kuvuka mpaka ili wafungishwe ndoa na mhunzi. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa mashambani, ambao wakifika miaka 14 wanaacha shule na kurudi huko huko shambani.

Sasa nifungulieni masikio, maana hapa ndipo penyewe.

Kila shule ya Uskoti ilitakiwa kuwa na kitabu cha kumbukumbu. Mwalimu mkuu aliandika humo mahudhurio, magonjwa, wageni, siku ya mvua kubwa, siku ya mavuno watoto wasipokuja. Na kanuni ya idara ya elimu ilisema wazi kwamba mwalimu asiingize humo mawazo wala maoni yake ya jumla. Andika kilichotokea, nyamaza unachofikiri.

Neill akaisoma kanuni hiyo. Akaitii. Kitabu cha serikali akakiandika kama kilivyotakiwa. Kisha akachukua daftari lake binafsi, akawa anaandika humo kila alichokatazwa kukiandika kule. Mwaka 1915 daftari hilo likachapishwa kitabu, A Dominie's Log, yaani kumbukumbu za mwalimu, na ukurasa wake wa mwanzo unaanza na kanuni yenyewe ya kukataza maoni.

Aliandika nini? Aliandika kwamba hajui anawafundisha kwa ajili ya nini. Mvulana huyu mwakani atakuwa nyuma ya jembe la farasi, msichana huyu atakuwa mtumishi jikoni kwa watu. Hesabu za riba na orodha ya wafalme vitawafaa wapi? Aliandika kwamba darasa lake lina kelele, kisha akajiuliza ni nani hasa anayesumbuliwa na kelele hizo. Aliandika manung'uniko ya watu wa kijiji, waliosema watoto wanacheza mno. Aliandika juu ya mkanda. Na kila alipotaka kuutetea kwenye karatasi, utetezi ukawa mfupi kuliko alivyotarajia. Kidogo kidogo akauacha.

Ndugu zangu walimu, ngojeni niulize jambo. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, aidhinishe mwalimu mkuu, na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya fimbo, na mtoaji wa adhabu. Tuseme kitabu hicho kinaandikwa kila mara. Tuseme tu. Je, kuna safu ya kuandika kama ilisaidia? Kuna safu ya kuandika kama ni jina lile lile la wiki iliyopita? Haipo. Tunahesabu fimbo, hatuhesabu matokeo. Neill alijitengenezea safu hiyo kwa mkono wake, na ndiyo iliyomharibia usingizi.

Kitabu cha pili, cha mwaka 1917, kinamsimulia mwalimu aliyefukuzwa kazi, na wasomaji wengi wakadhani Neill alifukuzwa. Hakufukuzwa, hiyo ni hadithi aliyoitunga. Ukweli ni kwamba mwaka ule aliingia jeshini. Na ilikuwa katika siku za jeshi alipofika Dorset, kusini mwa Uingereza, kumwona Mmarekani aitwaye Homer Lane.

Lane alikuwa akiishi na vijana waliopelekwa kwake kwa makosa ya wizi na utundu mkubwa, na pale kwake vijana wenyewe walitunga sheria na kuendesha baraza lao. Kuna kisa chake ambacho Neill hakuchoka kukisimulia. Kijana mmoja mkorofi alisema angependa kuvunja vikombe vyote vya mezani. Lane akamwambia, vunja. Kijana akachukua chuma cha kuchokolea moto, akavunja kikombe, sahani, kikombe. Wenzake wakaanza kusema kwamba kosa ni la Lane anayemchochea, na kijana akaona sifa ya ushujaa inamponyoka. Ndipo Lane akatoa saa yake ya dhahabu, akamwekea kiganjani, akasema: na hii pia ivunje. Yule kijana akaiangalia saa. Akamwangalia Lane. Akairudisha mezani. Baadaye akaenda mwenyewe kuomba kazi katika karakana ya useremala.

Mzazi wa mstari wa mbele ananitazama kama niliyemwambia akamkabidhi mwanawe simu aipasue. Hapana, mama. Lane mwenyewe hakuwa malaika, na mahali pake palifungwa mwaka 1918 baada ya wasichana wa pale kumtuhumu. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu ndicho kilichomfundisha Neill kwamba ukorofi unahitaji mtu wa kushindana naye, na asipopatikana huyo wa kushindana, mara nyingi unakosa la kufanya.

Baada ya vita mambo yalikwenda mbio. Alifundisha kidogo London, akavuka kwenda Ujerumani, na mwaka 1921 akaanzisha shule Hellerau, nje ya Dresden, pamoja na wenzake. Machafuko ya Ujerumani yakawahamishia Austria, juu ya mlima wenye kanisa la kuhiji, ambako wanakijiji hawakuwapenda hata siku moja. Mwaka 1924 akarudi Uingereza na watoto wachache, akakodi nyumba Lyme Regis iliyoitwa Summerhill, yaani kilima cha kiangazi. Mwaka 1927 wakahamia Leiston, katika Suffolk, wakalibeba jina hilo mpaka kwenye ardhi iliyo tambarare kabisa. Shule ipo hapo mpaka leo.

Maisha ya Summerhill yalikuwaje? Masomo yalikuwapo, ratiba ilikuwapo, walimu walikuwapo. Mtoto ndiye aliyeamua kuingia. Na kila wiki ulifanyika mkutano mkuu, mwenyekiti akiwa mtoto, ambapo sheria za bweni, makelele ya usiku, baiskeli iliyochukuliwa bila ruhusa, yote yalipigiwa kura. Mtoto wa miaka 6 kura moja. Neill kura moja. Mara nyingi alishindwa, na akishindwa alikaa chini. Msidhani kila kitu kilikwenda kwa kura. Ajira ya walimu haikupigiwa kura, wala mambo ya usalama wa maisha. Na alikuwa mkali kwa wazazi waliomnukuu vibaya, waliowaacha watoto wapande juu ya meza za watu na kuita huo uhuru. Mwaka 1966 akawaandikia kitabu kizima kutofautisha uhuru na fujo.

Kulikuwa na msichana aliyetoka shule ya masista, akatangaza siku ya kwanza kwamba darasani haingii tena maishani. Neill akamwacha. Wiki zikapita, miezi ikapita. Miaka 3 hakuingia darasani! Neill aliandika kwamba huyo ndiye aliyekawia kuliko wote, na kwamba wengi walihitaji kama miezi 3 tu. Kisha akaongeza neno ambalo natamani kila mkuu wa shule alisikie: muda anaouhitaji mtoto kupona unalingana na chuki aliyotoka nayo shule ya zamani. Unapata mwanafunzi wa kuhamia kidato cha pili, hafanyi kitu, umeshaandika "mvivu" kwenye ripoti. Umeuliza ametokea wapi?

Sasa rudini nami kwenye daftari, kwa sababu macho yale ya Gretna hayakufumba. Kwa miaka mingi Neill aliwapa watoto wenye matatizo mazungumzo ya faragha, mtu na mtu, akitumia elimu ya nafsi aliyojifunza kwa wataalamu wa Ulaya. Watoto wakapona wizi, wakapona ukorofi. Angeweza kujisifu. Badala yake aliona jambo akaliandika: watoto waliokataa kabisa kuja kwenye mazungumzo hayo nao walipona. Akahitimisha kwamba tiba ilikuwa ule uhuru wa kuishi pale, na ustadi wake yeye haukuwa na kazi kubwa aliyodhani. Ni wangapi kati yetu tungeandika hivyo kuhusu mbinu yetu wenyewe tuliyoipenda?

Mwaka 1949 wakaguzi wa serikali wakaja. Mtoto wa mwalimu wa Kingsmuir akaingia uzeeni bado anasubiri mkaguzi. Waliwasifu watoto kwa uchangamfu na adabu yao isiyo ya woga, na wakakosoa ufundishaji, hasa wa wadogo. Neill alifanya nini na ripoti hiyo? Aliichapisha nzima ndani ya kitabu chake, pamoja na mahali ilipomchoma.

Na hapo ndipo ninapoachana naye, kwa sababu naona wakaguzi walisema kweli. Alitamka waziwazi kwamba Summerhill haina mbinu mpya za kufundisha, kwa kuwa ufundishaji wenyewe hauna uzito mkubwa. Hilo silimezi. Someni vitabu vyake vya uzeeni: bweni mtaliona, mkutano mtauona, karakana mtaiona, mwizi mdogo mtamjua. Darasa hamtaliona. Mtu aliyeanza kwa kuandika darasa kila kona yake aliishia kulipa kisogo. Mwanafunzi aliyeamua kwa hiari yake kuingia somo la hesabu, baada ya miaka 3 ya kukataa, alistahili kukuta hesabu inafundishwa vizuri.

Jingine ni ada. Shule yake haikuwa ya serikali, iliishi kwa ada, na mara nyingi iliishi kwa shida. Watoto wa wakulima kama wale wa Gretna hawakuweza kuifikia. Yeye mwenyewe alilijua hilo na lilimkera. Lakini mtu akiniambia, "Neill aliweza, kwa nini wewe na darasa lako la watoto 90 usiweze?" nitamuuliza kwanza Neill alikuwa na wangapi. Kwa kawaida walikuwa kati ya 40 na 70, shule nzima.

Umaarufu ulimjia amezeeka. Mwaka 1950 Marekani ilimnyima viza. Miaka 10 baadaye mchapishaji mmoja wa New York alikusanya maandiko yake ya zamani, akatoa kitabu Summerhill mwaka 1960. Kabla hakijatoka, wauza vitabu hawakuagiza hata nakala moja. Ndani ya miaka 10 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 2. Leiston ikajaa mabasi ya wageni, mpaka watoto wakachoka kutazamwa. Alikufa tarehe 23 Septemba 1973, ana miaka 89. Mkanda wa ngozi katika shule za umma za Uskoti uliondolewa mwaka 1987, miaka 5 baada ya mama wawili wa Kiskoti kuishinda serikali yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Nina moja la mwisho, mwenyekiti, naona unaitazama saa. Mwaka 1999 wakaguzi walirudi Summerhill, iliyokuwa chini ya Zoë, binti yake Neill, na serikali ikaitaka shule ibadilike au ijiandae kufungwa. Hoja kubwa ilikuwa ile ile, masomo ya hiari. Shule ikakata rufaa. Machi 2000 shauri likasikilizwa London, katika jengo la mahakama kuu, na siku chache tu baada ya kuanza serikali ikaomba mapatano. Wanasheria wa shule hawakujibu papo hapo. Waliomba ruhusa, watoto wakafanya mkutano wao mle mle ndani ya chumba cha mahakama, wakajadili masharti, wakapiga kura, wakakubali. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba ukaguzi wa shule hiyo uzingatie pia maoni ya wanafunzi.

Maswali nayapokea. Tuanze na yule mzazi wa mstari wa mbele, maana ameshikilia mkono juu tangu kwenye saa ya dhahabu.